Moshi wa barabara kuu unafika umbali gani?

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, kabla ya kuanza kupanda mlima Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni. Pembeni mwa lami kumepangwa vitunguu: kwenye mifuko, kwenye sinia, kwenye ndoo. Nyuma ya kila ndoo kuna mtu, na mara nyingi mgongoni mwa mtu huyo kuna mtoto. Malori ya kwenda Tunduma, Zambia na Kongo yanapita mbele yao usiku na mchana.

Hali hiyo hiyo utaikuta Kenya, Soko Mjinga kwenye barabara ya Nairobi kwenda Naivasha, wanakouza viazi na kabeji. Utaikuta pia kwenye mamia ya vijiji visivyojulikana sana, ila vina tuta, kituo cha basi na wateja.

Barabara inaleta pesa. Ndiyo maana tunaisogelea: kwanza kibanda, halafu nyumba, halafu zahanati, hata shule. Lakini inaleta na moshi, na moshi huo hausambai sawasawa. Mtu anayekaa mita 10 kutoka kwenye lami na mwenzake anayekaa mita 150 ni wa kijiji kimoja, lakini hawavuti hewa moja.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na unachoweza kufanya bila kuacha biashara yako.

Jibu kwa ufupi

Moshi mkali zaidi uko kwenye mita 100 hadi 150 za kwanza kutoka barabarani. Hapo ndipo unapungua kwa kasi kubwa. Mchana, ukifika mita 300 hivi, sehemu kubwa ya uchafu uliotoka moja kwa moja kwenye magari inakuwa imechanganyika na hewa ya kawaida ya eneo hilo.

Ukitaka kupima kwa macho, kumbuka kuwa uwanja wa mpira una urefu wa mita 100 hivi. Kwa hiyo eneo la hatari kubwa ni kama uwanja mmoja hadi mmoja na nusu kutoka kwenye lami, na athari inaweza kuendelea hadi viwanja vitatu au zaidi.

Hili limepimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Los Angeles, Marekani, walitangaza matokeo ya vipimo walivyochukua kando ya barabara kuu mbili. Kwenye moja ya barabara hizo, zaidi ya robo ya magari yalikuwa malori ya dizeli. Waliweka mashine karibu na barabara, kisha wakazisogeza mbali kidogo kidogo. Waliona masizi na chembe ndogo kabisa za moshi zikishuka haraka kadiri walivyosogea. Mita 300 upande unakoelekea upepo, hawakuweza tena kutofautisha idadi ya chembe hizo na ile ya upande ambao moshi haukufika. Vipimo vya nchi nyingine vimeonyesha picha inayofanana.

Kuna nini ndani ya moshi huo?

Tunachokiona kwa macho ni sehemu tu. Moshi mweusi wa lori la dizeli ni masizi, yaani mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Lakini hata gari la petroli lisilotoa moshi unaoonekana linatoa gesi na chembe.

Kuna vitu vitatu vya kukumbuka. Cha kwanza ni chembechembe ndogo. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 50 hadi 70. Chembe zinazoitwa PM2.5 zina mikroni 2.5 au chini ya hapo, na nyingi zinazotoka kwenye ekzosi ni ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya mikroni moja. Pua haiwezi kuzizuia. Zinaingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na zile ndogo kabisa zinaweza kupenya na kuingia kwenye damu.

Cha pili ni gesi. Mojawapo ni naitrojeni dioksidi, ambayo inawasha njia ya hewa na kuwasumbua sana wenye pumu. Nyingine ni kaboni monoksidi, ambayo inaizuia damu kubeba oksijeni.

Cha tatu ni vumbi la gari lenyewe: breki zinaposagika, matairi yanapolika, na uchafu wa barabarani unaporushwa juu na magurudumu. Hili halitoki kwenye ekzosi, kwa hiyo hata gari jipya linalichangia.

Kwa nini moshi unapungua haraka hivyo?

Fikiria moto wa kuni nje ya nyumba. Ukiwa umeinama juu yake, macho yanawasha na machozi yanatoka. Ukirudi nyuma hatua tano, unapumua vizuri zaidi. Ukifika hatua ishirini, unasikia harufu tu. Moto haujapungua, ni moshi uleule unaogawanywa kwenye hewa nyingi zaidi.

Barabarani mambo matatu yanafanya kazi hiyo. Gari lenyewe, hasa lori kubwa, linakoroga hewa linapopita. Ndiyo ule upepo unaokusukuma na kupeperusha kanga yako. Halafu upepo wa kawaida unabeba moshi kuutoa barabarani, huku ukiuchanganya na hewa safi. Tatu ni jua: linapasha ardhi joto, hewa ya chini inapanda, na moshi unapanda nayo.

Chembe ndogo kabisa nazo zinabadilika njiani. Zinagongana, zinagandana na kuwa kubwa zaidi, na nyingine zinayeyukia hewani. Ndiyo maana idadi yake inashuka upesi kuliko vitu vingine.

Lakini si kila uchafu unashuka kwa mwendo huo. Naitrojeni dioksidi hupungua polepole zaidi, kwa sababu sehemu yake kubwa hutengenezwa hewani baada ya gesi kutoka kwenye gari. Nayo PM2.5 ikipimwa kwa uzito haibadiliki sana kati ya barabarani na kijijini ndani, kwa sababu sehemu yake kubwa inatoka mbali: moto wa mashamba, kuni, mkaa, vumbi na moshi wa miji. Kwa hiyo kusogea mbali na barabara kunakuepusha na moshi wa magari; hakukuepushi na moshi wote.

Upepo unaelekea upande gani?

Pande mbili za barabara hazifanani. Upepo ukivuka barabara, upande unakoelekea ndio unaopokea karibu moshi wote, na upande unakotoka unaweza kuwa na hewa nzuri hata mita chache tu kutoka kwenye lami.

Watu wa pwani wanaujua upepo kwa majina. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Barabara inayotoka mashariki kwenda magharibi, kama ile ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, wakati wa kusi moshi wake unasukumwa zaidi upande wa kaskazini, na wakati wa kaskazi unarudi upande wa kusini. Kwa hiyo mahali pazuri pa kukaa mwezi wa saba pasiwe pazuri mwezi wa kwanza.

Bara, milima na mabonde hugeuza upepo kwa namna yake, na asubuhi unaweza kuwa tofauti na jioni. Huhitaji mashine kujua. Tazama vumbi lililorushwa na lori linakokwenda, au funga kipande cha kitambaa chepesi kwenye mti wa kibanda. Kikielekea kwako kutoka barabarani, na moshi unakuja kwako.

Upepo ukivuma sambamba na barabara, moshi unabaki unatembea na barabara yenyewe, na wanaokaa ukingoni wanaupata kwa muda mrefu. Usipovuma kabisa, pande zote mbili zinaumia.

Kwa nini alfajiri ni mbaya zaidi?

Wengi wetu tunadhani saa za alfajiri ndizo zenye hewa safi kuliko zote. Kando ya barabara kuu inaweza kuwa kinyume.

Kama umeishi mahali penye baridi, mfano Makambako, Njombe au Limuru, umewahi kuona moshi wa majiko jioni ukilala juu ya bonde kama shuka, haupandi wala hausogei. Usiku ardhi inapoa, na hewa iliyo karibu nayo inapoa pia. Hewa baridi ni nzito, inakaa chini, na juu yake inakaa hewa yenye joto kidogo kama kifuniko cha sufuria. Moshi unaotoka chini hauna pa kwenda.

Moshi wa magari unafanya vivyo hivyo. Watafiti waliopima kabla ya jua kuchomoza kandokando ya barabara kuu huko Santa Monica, California, walitangaza mwaka 2009 kwamba chembe za magari zilifika umbali wa karibu kilomita mbili upande unakoelekea upepo. Hiyo ni mara kadhaa zaidi ya mita 300 za mchana, ingawa magari ya saa hizo yalikuwa machache.

Jua likipanda, ardhi inapata joto, kifuniko kinafunguka, na moshi unapata njia ya kwenda juu. Kwa hiyo kama kuna kazi nzito unayoweza kuisogeza, kwa mfano kukimbia mazoezi au kubeba mizigo kando ya barabara, ni afadhali kuifanya baadaye asubuhi kuliko kabla ya jua kutoka.

Tuta, mlima na mizani

Umbali na upepo si yote. Swali jingine ni gari linafanya nini hapo mbele yako.

Gari linalokwenda kwa mwendo mmoja kwenye tambarare linatoa moshi kidogo kuliko lile linaloondoka, linalopanda mlima au linalosimama huku injini ikinguruma. Dereva anapokanyaga mafuta kuondoa lori lenye tani nyingi, mafuta mengi yanaingia kwenye injini kwa ghafla na hayaungui yote. Ule moshi mweusi unaouona baada ya tuta ndio huo.

Kwa hiyo kijiji kimoja kina sehemu zake mbaya zaidi: mara tu baada ya tuta, kwenye mlima, kwenye kituo cha basi, kwenye foleni ya mizani na mahali malori yanapolala na injini zikiwashwa. Bahati mbaya, ndizo sehemu zenye biashara, kwa sababu ndipo magari yanapopunguza mwendo.

Mafuta yenyewe yameboreshwa. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Hiyo ni hatua kubwa, lakini dizeli safi kwenye injini iliyochoka, isiyo na kichujio cha masizi, bado inatoa moshi.

Moshi huu unafanya nini mwilini?

Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Lakini saratani huchukua miaka mingi. Madhara yanayoonekana mapema ni kukohoa, kubanwa kifua na pumu kuamka. Kwa watu wazima, moshi huu unaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kwa wajawazito, hewa chafu inahusishwa na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Watoto wanaumia zaidi kwa sababu tatu: mapafu yao bado yanakua, wanapumua hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wao, na wakisimama wako karibu na usawa wa ekzosi za magari mengi.

London kulikuwa na mtoto wa kike aliyeitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah. Familia yake iliishi karibu kabisa na barabara yenye magari mengi. Aliugua pumu kali, akalazwa hospitali mara nyingi, akafariki mwaka 2013 akiwa na miaka 9. Desemba 2020, ofisa wa serikali anayechunguza vifo alitamka rasmi kuwa uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza hewa chafu kuandikwa kama moja ya sababu za kifo cha mtu. Mama yake alisema kwamba angejua mapema, angehama.

Je, mboga zilizolimwa kando ya barabara ni salama?

Vumbi la breki, matairi na masizi hutua kwenye majani. Mboga zenye majani mapana kama mchicha, matembele na sukuma wiki ndizo zinazolipokea zaidi. Kuziosha vizuri kwa maji safi kunaondoa sehemu kubwa.

Kuna jambo jingine lililobaki ardhini. Zamani petroli ilikuwa na madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Ile iliyotua kwenye udongo ukingoni mwa barabara za zamani bado ipo, na nyingi iko kwenye mita chache makumi za mwanzo.

Kama shamba lako limepakana na barabara kuu, panda miti ya mbao au ua upande wa lami, na mboga za majani pamoja na za mizizi upande wa ndani. Mazao yenye ganda au maganda unayoyatupa, kama mahindi na ndizi, yako katikati ya hayo mawili. Usianike mahindi, dagaa au mihogo pembeni mwa lami.

Unaweza kufanya nini bila kupoteza wateja?

Tunajua mteja hatashuka kwenye basi akutafute mita 150 huko ndani. Lakini kumbuka jinsi moshi unavyopungua: mita za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Kutoka mita 3 hadi mita 20 kunakupa nafuu kubwa kuliko kutoka mita 203 hadi 220.

Kaa kabla ya tuta, si baada yake. Mteja anakuona gari linapopunguza mwendo, na dereva atakanyaga mafuta akiwa ameshakupita.

Acha bidhaa mbele, wewe ukae nyuma. Meza ya nyanya inaweza kuonekana barabarani huku kiti chako kikiwa hatua ishirini au thelathini ndani, chini ya mti. Inuka mteja anaposimama.

Mtoto asikae barabarani kutwa nzima. Kama wauzaji mko watano, mmoja anaweza kukaa na watoto wote mahali pa ndani kwa zamu.

Kama una kibanda au nyumba kando ya barabara, funga madirisha ya upande wa lami alfajiri na wakati wa foleni, fungua ya nyuma. Jua likishapanda na upepo ukiwa unatoka upande wako, fungua yote.

Waendesha bodaboda, mkiwa nyuma ya lori mlimani, rudini nyuma. Nanyi madereva mnaosimama kununua, zimeni injini.

Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi kubwa, lakini haizuii gesi wala chembe ndogo. Usiitegemee ikakufanya ukae karibu zaidi.

Usisahau jikoni. WHO inakadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba, unaotokana na kuni, mkaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama anayekaa barabarani mchana na kupika kwa kuni ndani jioni anapata moshi mara mbili. Jiko likihamia nje au kwenye banda lenye hewa ya kutosha, mapafu yanapata mapumziko.

Mambo ya kujadili kijijini

Kuna maamuzi ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya. Tanzania, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wengi wanadhani wakijenga mita moja nje ya nguzo za hifadhi wako salama. Kwa sheria wako salama. Kwa moshi bado: eneo lenye moshi mkali linaenda hadi mara tano ya hapo.

Jimbo la California, Marekani, liliweka sheria mwaka 2003 kuzuia shule mpya za serikali kujengwa ndani ya futi 500, yaani mita 150 hivi, kutoka kwenye barabara kuu za mwendo kasi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Kijiji hakihitaji kusubiri sheria kama hiyo. Mkutano wa kijiji unapogawa ardhi, shule, zahanati na kituo cha watoto vinaweza kupewa viwanja vya ndani, na vya mbele vikaachiwa maghala, gereji au miti.

Kama shule tayari iko barabarani, madarasa ya watoto wadogo yanaweza kuhamishiwa majengo ya nyuma, na uwanja wa michezo ukapelekwa upande wa pili. Ua wa miti uliofungamana kuanzia chini hadi juu, bila mapengo, unasaidia kupunguza moshi kwa walio nyuma yake. Miti iliyoachana, yenye shina tupu chini, haisaidii sana, kwa sababu moshi unapita hapohapo kwenye usawa wa pua.

Na kama kijiji kinaomba soko la kando ya barabara, liombwe pamoja na eneo la magari kuingia na kusimama, vibanda vikiwa nyuma ya eneo hilo. Wateja watashuka na kutembea hatua chache, na wauzaji watakuwa mbali na lami.

Kwenye mkutano ujao wa kijiji, kabla ya kupitisha kiwanja cha darasa jipya, mtu mmoja apime hatua kutoka kwenye lami. Zikiwa pungufu ya mia mbili, ulizeni kama hakuna kiwanja kingine.